"Refa Kanunuliwa!" Shahidi Wako Nani?



Leo tuongee mpira. Najua kuna watakaosema frateri kaishiwa mada, ila nivumilieni kidogo, maana humu kuna amri mbili za Mungu zinazovunjwa kila wikiendi na sijui kama kuna anayeziungama: ya saba na ya nane.

Ukikaa kibanda umiza dakika tisini utasikia maneno ya kila aina, lakini kuna moja halikosi: "Mechi imeuzwa." Lina ndugu zake: refa kanunuliwa, kipa kala hela, bingwa alishapangwa kabla ligi haijaanza. Na wanaosema si wahuni tu. Ni sisi wa kwaya, sisi wa VIWAWA, sisi tuliopokea Komunyo asubuhi ya siku hiyo hiyo. Timu yetu ikishinda, tumeupiga mwingi. Ikifungwa, kuna bahasha imetembea.

Ningeweza kukujibu kirahisi: "Acheni uzushi, mpira ni mchezo safi." Sitasema hivyo, kwa sababu si kweli.

Tarehe 12 Novemba 2016, mjini Polokwane, Afrika Kusini walicheza na Senegal kutafuta nafasi ya kwenda Kombe la Dunia la 2018. Refa alikuwa Joseph Lamptey wa Ghana. Karibu na mapumziko mpira ukamgonga Kalidou Koulibaly gotini. Gotini, siyo mkononi. Lamptey akaweka penalti, eti kaunawa. Afrika Kusini wakafunga, wakaongeza la pili, mwisho wakashinda 2-1. Wasenegali wakapiga kelele kwamba wameibiwa, kama ambavyo mimi na wewe tungepiga. Safari hii kelele zilikuwa na msingi. Wanaofuatilia soko la kubeti walikuwa wameona dau za mechi ile, upande wa idadi ya magoli, zikienda isivyo kawaida. FIFA ikachunguza, na mwaka 2017 ikamfungia Lamptey maisha. Akakata rufaa kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, akashindwa. Mechi ikarudiwa pale pale Polokwane tarehe 10 Novemba 2017, Senegal wakashinda 2-0 na wakaenda Urusi.

Na tusijifanye ni mambo ya mbali. Mwaka huo huo wa 2016, hapa kwetu Tanzania, timu mbili za kundi moja la Ligi Daraja la Kwanza zilikuwa zinagombea nafasi ya kupanda Ligi Kuu, na huenda hesabu ya magoli ingeamua. Katika mechi za mwisho moja ikashinda 8-0, nyingine 7-0. Hata mtoto wa chekechea angeuliza swali. TFF ikaziadhibu timu zote nne, wafungaji na wafungwaji, na waliopanda wakawa Mbao ya Mwanza.

Kwa hiyo upangaji wa matokeo upo. Swali langu la kwanza kama Mkristo ni: ubaya wake uko wapi hasa? Watu wengi huishia kwenye hela, kwamba kuna mtu kala rushwa. Ni kweli, na Kitabu cha Kutoka (23:8) kimeshatuonya kwamba rushwa humpofusha hata mwenye macho mazuri. Lakini naomba tuchimbe zaidi kidogo. (Miaka mitatu ya falsafa lazima itokee mahali, nisameheni.)

Mchezo ni kitu cha ajabu. Hauna uhai wowote nje ya makubaliano. Mstari wa chokaa ni chokaa tu. Goli ni miti mitatu. Kinachofanya vitu hivyo viwe mechi ni kwamba watu ishirini na wawili wamekubaliana kujaribu kweli, na mmoja mwenye filimbi amekubali kutotaka chochote. Ukiondoa hilo, kinachobaki si mechi mbaya wala mechi chafu. Ni kwamba mechi haipo kabisa. Kuna maigizo yanayouzwa kwa bei ya mechi. Yule mama muuza maandazi aliyekusanya shilingi elfu tano ili mwanawe akaingie uwanjani hakupewa mechi mbaya. Hakupewa mechi. Ndiyo maana Paulo anamwandikia Timotheo (2 Tim 2:5) kwamba mwanamichezo havikwi taji asiposhindana kwa kufuata sheria. Angalia vizuri anachosema: hapewi taji dogo au taji lenye doa, taji halipo. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inahesabu udanganyifu katika mchezo kuwa jambo zito, isipokuwa hasara iwe ndogo kiasi kwamba aliyeipata hawezi kuiona kuwa kitu.

Na wa kwanza kuibiwa si mshabiki. Ni mchezaji mwenzako. Yule winga anayekimbia mpaka anatapika, wakati beki wake anajua tayari matokeo, kaibiwa jasho na mtu anayevaa naye jezi moja.

Sasa tuje kwenye upande wetu sisi tusiouza kitu.

Ukweli kwamba mechi huuzwa haukupi haki ya kusema kwamba mechi hii imeuzwa na mtu huyu. Kati ya sentensi hizo mbili kuna bonde kubwa, na sisi tunaliruka kila Jumamosi bila hata kuangalia chini. Katekisimu, namba 2477, ina jina la kosa hilo: hukumu ya haraka. Na inasema anayeamini kuwa jirani yake ametenda ovu bila msingi wa kutosha anakosa hata kama ameamini kimya kimya moyoni. Hata kama hujapost. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilirudia mara mbili, maana nilidhani kosa linaanzia mdomoni.

Jaribu kumsikiliza mtu aliyeshazama kwenye imani hiyo. Refa akitoa penalti dhidi yetu: kanunuliwa. Akitupa sisi penalti: anajifanya, anaficha ushahidi. Asipotoa penalti yoyote: ameambiwa asubiri kipindi cha pili. Tukishinda: waliogopa kelele zetu. Hakuna kitu chochote kinachoweza kutokea uwanjani kikamfanya aseme, "Aa, kumbe nilikosea." Darasani tulifundishwa kuitazama kwa shaka hoja ya namna hiyo. Hoja ambayo hakuna tukio linaloweza kuipinga haina nguvu kwa sababu hiyo; ni kwamba imeacha kuongea na dunia, inaongea na yenyewe. Na mtu anayeishi humo hapotezi mpira tu. Huo mtindo anauhamishia nyumbani. Mwenzake akipata kazi, kapitishwa mlango wa nyuma. Msichana akimkataa, karogwa. Padre akihamishwa parokia, "kuna kitu." Nimekutana na vijana wa miaka ishirini na mbili ambao hawawezi tena kumpongeza mtu yeyote kwa lolote.

Kuna mtakatifu mmoja Mwafrika ningependa sana vijana wa mpira wamfahamu. Anaitwa Alipio, rafiki na mwanafunzi wa Mt. Augustino, wote wa Thagaste, Algeria ya leo. Augustino anamsimulia katika kitabu cha sita cha Maungamo yake. Alipio alikuwa mshabiki hasa. Kule Karthago mashindano ya magari ya farasi yalimteka. Baadaye Roma, marafiki walimburuta kwenye mapigano ya watu. Akaapa kufumba macho. Umati uliponguruma, akafumbua, na akaondoka pale mgonjwa wa ile kitu, anarudi kila mara na kuburuta wengine. Yaani anatujua.

Lakini mkasa ninaoutaka ni mwingine. Akiwa bado mwanafunzi Karthago, mchana mmoja alikuwa anatembea peke yake sokoni akikariri kazi ya shule, vibao vya kuandikia mkononi. Kijana mwingine, naye mwanafunzi, akapenya na shoka hadi kwenye wavu wa risasi uliokuwa juu ya maduka ya wafua fedha, akaanza kuukata. Wenye maduka chini wakasikia, wakatuma watu. Mwizi akasikia sauti, akatupa shoka, akakimbia. Alipio hakumwona akiingia. Alimwona tu akitoka mbio, akashangaa, akaenda kuangalia kuna nini. Akalikuta shoka. Akaliokota, akasimama nalo, anajiuliza.

Wale watu wakatokea. Wakaona nini? Kijana peke yake, eneo la tukio, silaha mkononi. Jamani, huo ni ushahidi mzito kuliko marudio yote ya video uliyowahi kutumiwa kwenye kundi la WhatsApp. Wakamkamata, wakamburuta kwa hakimu, majirani wanajisifu kwamba mwizi kapatikana mchana kweupe. Na alikuwa hana kosa hata punje.

Kilichomwokoa ni mtu mmoja aliyekubali kusimama. Njiani wakakutana na msimamizi wa majengo ya umma, aliyekuwa amemwona Alipio mara nyingi nyumbani kwa seneta fulani. Hakusema "mwacheni, namjua." Alimvuta pembeni, akamuuliza: imekuwaje? Akasikiliza. Kisha akawaongoza wote, na kelele zao, mpaka nyumbani kwa yule kijana mwingine. Mlangoni kulikuwa na mtoto mdogo, hajui lolote la kuogopa. Akaonyeshwa shoka: la nani hili? Mtoto akajibu papo hapo kwamba ni la kwao.

Augustino anaona mkono wa Mungu katika aibu ile: Alipio alikuwa anaelekea kuwa mtu wa kuhukumu mashauri ya wengine, basi ajifunze mapema kwamba mtu asihukumiwe kwa wepesi wa kuamini. Na ndivyo ilivyokuja kuwa. Alipofanya kazi Roma kama mshauri wa hakimu, seneta mmoja mwenye nguvu alitaka apitishiwe jambo ambalo sheria ilikataza. Alipio akakataa. Akaahidiwa zawadi, akacheka. Akatishwa, akakanyaga vitisho. Hata hakimu wake mwenyewe hakuwa na ubavu wa kukataa waziwazi, akawa anamsukumia yeye lawama. Kishawishi kilichomgusa kidogo ni kimoja tu, kunakiliwa vitabu kwa bei ya ofisi, na hicho nacho akakiacha. Mtu aliyewahi kushikwa na shoka lisilo lake hakununulika. Mimi sidhani hayo mawili yamekutana ndani ya mtu mmoja kwa bahati.

Utaniuliza: frateri, kwa hiyo tukiona kitu tunyamaze? Hapana. Torati (Kum 19:15) haikatazi mashtaka, inadai mashahidi wawili au watatu. Rudi Polokwane uhesabu: mpira uliogonga goti, huyo ni mmoja. Pesa za kubeti zilizotembea vibaya, wa pili. Mahakama iliyomsikiliza mshtakiwa naye akajitetea, hapo ndipo neno likathibitika. Au angalia Ujerumani. Agosti 2004 refa Robert Hoyzer aliibeba Paderborn, timu ya daraja la chini, ikaifunga Hamburg 4-2 baada ya Hamburg kuongoza 2-0. Walioanza kumfichua ni waamuzi wenzake wanne. Walikuwa na shaka, kama mshabiki yeyote. Ila hawakuipeleka baa wala kwa mwandishi wa udaku, waliipeleka kwenye shirikisho, wakasimama nayo kwa majina yao. Hoyzer akakiri, na Novemba 2005 akahukumiwa kifungo cha miaka miwili na miezi mitano. Shaka ikiwa na jina lako chini yake, inakuwa na adabu. Shaka ya "inasemekana" haina mwenyewe, kwa hiyo haina anayeilipia ikiwa uongo.

Sasa nifike pale ambapo wengine mtanichukia.

Yule yule anayelalamika kwamba mechi zinapangwa, fungua simu yake. Yumo kwenye kundi la Telegram linalouza "mechi za uhakika," zilizokwisha kupangwa, tuma elfu ishirini kwanza upewe ya leo. Mnajua ninachosema. Mkeka ukichanika anahama kundi.

Kwanza, hebu tuone wanavyokuibia. Mwenye kundi anachukua watu sitini na nne. Thelathini na wawili anawaambia nyumbani watashinda, thelathini na wawili anawaambia wageni. Kesho yake (tuseme hakuna sare) nusu wanamwona nabii. Hao anawagawa tena, kumi na sita kwa kumi na sita. Halafu tena. Baada ya mechi tatu kuna watu wanane ambao amewapatia mara tatu mfululizo, na hao wangeuza godoro kumlipa. Hajui lolote. Ujumbe uliokosea anaufuta, mikeka ya zamani anaibadilisha tarehe, basi. Anayejua kweli mechi iliyouzwa haiuzi kwako kwa elfu ishirini. Siri hiyo ikifika kwa watu mia tano imekufa.

Lakini hilo ni la akili tu, na mimi nataka la roho. Tuseme ingekuwa kweli. Tuseme mechi imepangwa kweli na wewe umepata fununu. Ulikuwa unanunua nini? Ulikuwa unaomba kiti kwenye meza ya Lamptey. Hasira yako yote ya Jumamosi, "wezi hawa," imegeuka kuwa malalamiko ya mtu ambaye hakualikwa. Kuna askari katika Injili ya Mathayo (28:11-15) waliopewa fedha nyingi waseme wanafunzi waliiba mwili usiku. Wao walikuwepo kaburini, walijua matokeo. Wakauza. Siku zote nilidhani kosa lao ni la watu wabaya wa kipekee, mpaka nilipoanza kusikia bei za taarifa kwenye simu za vijana wema.

(Kuhusu kubeti kwenyewe sitaandika leo. Katekisimu haisemi kila dau ni dhambi, inasema inakuwa haikubaliki inapomnyima mtu kinachohitajika kwa mahitaji yake na ya wengine. Anayebeti hela ya kodi ya chumba ajisomee hiyo 2413 mwenyewe.)

Nimalizie na swali nililoulizwa, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Mwenye nalo ameniruhusu, na nimebadilisha vitu viwili vitatu asitambulike. Aliniuliza nje ya kanisa, siyo kwenye kitubio, maana mimi bado siungamishi mtu.

Ni beki kwenye timu ya mtaa. Fainali ya ndondo, zawadi ng'ombe. Siku mbili kabla, mtu wa upande wa pili alimpa shilingi elfu hamsini: "Wewe cheza tu, ila usikabe sana." Akachukua. Wakafungwa 2-1, goli la pili likipita upande wake. Filimbi ya mwisho ikalia, na kabla watu hawajatoka uwanjani ikaanza: refa kanunuliwa! Refa mwenyewe ni fundi baiskeli, baba wa watoto watatu, alilipwa nauli na soda. Walimfukuza na mawe mpaka barabarani. Huyu kijana alikuwepo kwenye kundi lile. Anasema hakurusha jiwe. Alipiga kelele tu, kwa sababu angekaa kimya wangemshtukia.

Yule fundi hajachezesha tena. Watu wa mtaa wanapita kwake na pancha wanamtania: leo umelipwa ngapi?

Swali la kijana lilikuwa hili: zile elfu hamsini azirudishe kwa nani?

Nikamwambia hela ndiyo sehemu nyepesi. Zisibaki kwake, hilo halina mjadala. Aliyezitoa hana haki ya kushukuriwa, maskini wapo, na hasara ya wenzake kuhusu ng'ombe azungumze na padre. Zakayo (Lk 19:8) alijua kupiga hesabu ya namna hiyo. Kinachobaki ni jina la fundi. Katekisimu, namba 2487, inasema kosa dhidi ya ukweli linadai malipizi hata baada ya mtu kusamehewa, na kama aliyeumizwa umeumiza jina lake, ukalirekebishe jina hilo kadiri unavyoweza.

Akaniuliza kama anaweza kumtumia fundi ujumbe, kwa namba ambayo haijulikani.

Nikamuuliza: waliomwita mwizi walimwita kwa ujumbe?

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema timu ina kikao kila Alhamisi jioni baada ya mazoezi, na kwamba wale waliorusha mawe karibu wote huwa wanakuja. Nikamwambia kama anataka mtu wa kukaa naye pembeni, nitakuwa na nafasi, na kwamba kabla ya hapo padre anaungamisha Jumatano kuanzia saa kumi. Alhamisi ni keshokutwa. Mwombeeni, na mwombeeni fundi.

Wenu katika Kristo,
Frateri